Gari la spoti litengenezwe kuanzia chini

Mhariri,

Mbukwenyi. Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji wa hapa Dodoma aliyetaka kila Altezza, kila Subaru na kila Mark X iliyoguswa na fundi ikamatwe na kurudishwa kama ilivyotoka Japani. Hoja yake ni kwamba vijana wanachezea magari, magari yanapinduka, kwa hiyo dawa ni kupiga marufuku. Hasira yake naielewa. Mtu anayekaa kando ya Barabara ya Dar es Salaam pale Nanenane, anayesikia ekzosi zile saa saba za usiku na watoto wamelala, hawezi kuandika kwa upole. Kwenye suala la mlio nasimama naye moja kwa moja, sina utetezi wowote.

Lakini hoja ya magari kupinduka ni kazi yangu. Mimi ni fundi wa miguu ya magari hapa Kizota. Sifungui injini, sigusi umeme. Nafanya shokapu, springi, bushi, boljointi, tairodi na breki, basi. Magari anayoyasema yanapita juu ya kichwa changu kila siku nikiwa nimelala chali chini yake, na ninayoyaona huko hayafanani na anayoyadhani. Naomba nafasi ndefu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari mitatu.

Gari "kama lilivyotoka Japani" halipo tena. Altezza ilianza kuuzwa mwaka 1998 na ikasimamishwa mwaka 2005, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshakuwa mtu mzima. Raba zote zilizoshika miguu yake zimezeeka, zimepasuka, nyingine zimeachana na chuma chake. Shokapu zimepoteza mafuta au gesi. Springi zimekaa chini kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mwenye gari hilo akisema "silichezei, nimeliacha orijino", ukweli ni kwamba gari limeshabadilika lenyewe bila kumuuliza. Ukikanyaga breki kwa nguvu linavuta kushoto, ukitoka kwenye kipilefti mkia unafuata baadaye, ukipita matuta madogo yale yanayofuatana usukani unatetemeka mikononi. Likiachwa hivyo kwa jina la sheria, hatujaokoa mtu.

Na inauma zaidi kwa sababu Altezza ilitengenezwa kwa ajili ya kona. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, na wenzake pale Toyota waliipa wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye mwili wa gari, ya juu na ya chini, kwa kila tairi, mbele na nyuma. Injini iko mbele, nguvu inakwenda nyuma. Ile RS200 yenye injini ya 3S-GE ya lita 2 kiwanda kiliitaja kuwa na nguvu farasi 210, na gari lenyewe lilitwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa msimu wa 1998 hadi 1999. Ninapoona gari la namna hiyo limewekewa rimu za kung'aa na taa za rangi huku bushi za wishiboni zimekwisha kabisa, najisikia vibaya kwa niaba ya waliolibuni.

Sasa nije kwenye kuchezea kwenyewe. Kuna kijana wa Ilazo ana Subaru Impreza, ile yenye tabo. Alikuja gereji akaniambia, "Shikamoo mzee. Gari linadunda, naomba unifungie shokapu ngumu zaidi." Nikalipandisha kwenye jeki, tairi za mbele zikaning'inia. Springi zote mbili zikawa zinacheza kwenye viti vyake, naweza kuzizungusha kwa mkono. Fundi mwingine alikuwa amezikata ili gari likae chini.

Nikamuuliza, "Mwanangu, nani alikwambia ukate springi?"

"Kila mtu anakata, mzee. Linapendeza, halafu linashika kona."

Hapo ndipo penye tatizo lote, mhariri, na ndipo ninapotaka wasomaji wako wakae kidogo.

Wengi wanadhani springi ikikatwa inalegea. Sivyo. Springi ina mizunguko inayofanya kazi, na ukiipunguza mizunguko unaifanya ngumu. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja ikabaki na 5, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Lakini imekuwa fupi, kwa hiyo gari linakaa chini, na shokapu ileile ya zamani sasa inafanya kazi ikiwa tayari imebonyea. Ilipewa na kiwanda nafasi fulani ya kubonyea kabla ya kufika mwisho. Sasa sehemu kubwa ya nafasi hiyo imeliwa gari likiwa limesimama tu. Ukikuta shimo, shokapu inagonga raba ya mwisho, na wakati huo gari halina springi tena. Uzito wote unaingia kwenye tairi kwa mkupuo, tairi linaruka, na tairi lililoruka halishiki chochote. Ndiyo kule kudunda alikokuja nako kijana. Na tairi likining'inia, kwenye shimo kubwa au likiinuka kwenye kona, springi iliyokatwa inaweza kuhama kwenye kiti chake.

Wapo wasiokata. Wanaichoma kwa gesi mpaka inalainika na kujishusha yenyewe. Hiyo ni mbaya kupita ya kwanza. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kiwandani kwa vipimo ili kirudi kila kinapokunjwa. Ukikichoma kwa moto wa kubahatisha umekiua pale ulipopachoma, na hakuna atakayejua kitavunjika lini.

Hata kama springi fupi zingekuwa za kununua na nzuri, kushusha gari kupita kiasi kuna jambo lingine ambalo vijana hawaambiwi. Gari linapolala kwenye kona linajizungusha kwenye sehemu fulani isiyoonekana kwa macho. Mafundi waliosoma wanaipata kwa kuchora mistari ya wishiboni na ya shokapu kwenye karatasi. Kwenye gari lenye shokapu iliyosimama wima ikishika tairi, kama Impreza kwa mbele, ukishusha mwili sana wishiboni ya chini inaelekea juu upande wa tairi badala ya kulala sawa. Hapo ile sehemu ya kujizungushia inashuka haraka kuliko mwili ulivyoshuka. Umbali kati ya uzito wa gari na sehemu hiyo unaongezeka. Matokeo yake gari lililoshushwa ili lisilale linataka kulala zaidi kuliko lilipokuwa juu, na mwenyewe anarudi kwa fundi kuomba springi ngumu zaidi. Tairodi, zile nondo zinazogeuza tairi ukizungusha usukani, nazo zinakuwa zimepinda pembe yake, kwa hiyo tairi likipanda tuta linajigeuza lenyewe kidogo bila dereva kugusa usukani. Ukiwa kwenye kona na barabara ina mawimbi, kugeuka huko kudogo kunatosha kukupeleka kwenye njia ya lori linalokuja.

Kijana alinisikiliza. Nilichompenda ni kwamba hakubisha, aliuliza tu, "Sasa mzee, kwa nini kwenye mashindano ya rali magari yanashika hivyo?" Nikamwambia aangalie vizuri: magari ya rali ya barabara za vumbi hayakushushwa. Yako juu, shokapu zake ni ndefu, tairi lina nafasi ya kupanda na kushuka bila kuondoka kwenye ardhi. Kushika barabara ni tairi kubaki limegusa.

Upande wa pili wa mji kuna ugonjwa wa kinyume chake, na kwa Dodoma huu ni mkubwa zaidi. Watu wamejenga Nala, Mkonze, Nzuguni ndani ndani, Mahomanyika, na njia za kuingia kwenye viwanja ni korongo wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Kwa hiyo gari la spoti linafungwa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, juu ya shokapu ili lipande. Spesa nyembamba kwa gari ambalo springi zake zimechoka sina ugomvi nayo. Lakini nimekuta spesa zimepandwa mbili juu ya mwenzake, boliti zimeungwa kwa kuchomelewa. Shafti za mbele zinakuwa zimepinda mno, buti, yaani raba zinazofunika viungio vyake, zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya muda unasikia ule mlio wa tak-tak-tak ukikata kona. Uzito wa gari umepanda juu, pembe ya matairi imeharibika, na mwenyewe anakwenda nalo Dar es Salaam kwa mwendo uleule wa zamani. Huyo msomaji wenu hakumtaja hata mara moja mwenye spesa, kwa sababu gari lililoinuliwa linaonekana la mtu mwenye heshima zake.

Basi kuboresha kunakofaa ni kupi? Mimi mwenyewe naendesha Altezza, ile ya AS200 yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita. Ninakwenda nayo Kondoa kwa wakwe na Iringa kwa njia ya Mtera, kwa hiyo ninayosema nayakalia.

Naanza na matairi, kwa sababu mengine yote yanafanya kazi kupitia vipande vinne vya raba vinavyogusa lami, kila kimoja si kikubwa kuzidi kiganja kwa kiasi kinachotajika. Pembeni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na upande huo unaweza kuwa umefungwa ndani usionekane, kwa hiyo inama uangalie. Hapa kwetu jua ni kali, gari linashinda nje, raba inakauka na kupasuka vinyufa kabla meno hayajaisha. Tairi la mtumba lenye meno mazuri na umri mkubwa ni gumu kama ubao. Mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha juu ya vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani miezi saba, halina cha kushikia. Angalia pia alama kama 91V. Hiyo 91 ni uzito, tairi moja linabeba kilo 615. Hiyo V ni mwendo, halijatengenezwa kupita kilomita 240 kwa saa. Gari la spoti kufungwa tairi la alama ya chini kuliko ya kiwanda kwa sababu lilikuwa bei nafuu ni jambo ninaloliona kila mara.

Na ukubwa wa rimu. RS200 ilikuja na tairi za 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ukuta wa tairi hilo, kutoka rimu hadi lami, una milimita 97 hivi. Mimi nimefunga 205/55R16, ukuta wake ni karibu milimita 113, na kimo cha tairi zima kinatofautiana kwa milimita 6 au 7 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Milimita 16 za raba zaidi kwenye njia zetu zinaokoa rimu, zinaokoa boljointi, na gari linashika vizuri tu. Wanaofunga inchi 18 au 19 kwenye Altezza wananunua sura. Ni haki yao, ila wasiseme ni kwa ajili ya kona.

Baada ya matairi ni bushi na boljointi, kile kiungio cha mviringo kinachoacha tairi ligeuke na kupanda. Hapa hakuna cha kujivunia mbele ya marafiki, na ndiyo maana hapaguswi. Bushi ni raba iliyobanwa kati ya chuma na chuma kwenye ungio la wishiboni. Ikichoka, wishiboni inatembea unapofunga breki, na pembe zote ulizopimiwa kwenye alaimenti zinakuwa hazina maana, kwa kuwa zinabadilika kila unapokanyaga. Kwenye Impreza angalia bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni ya mbele. Kwenye Altezza angalia boljointi za chini za mbele. Hizo zikiachia, tairi linakunjika na gari linakaa chini papo hapo. Ingiza nondo, sukuma, tazama kama kuna mchezo. Hakuna mashine inayohitajika.

Halafu naomba mafundi wenzangu wasome hapa polepole. Boliti za bushi za raba hazikazwi gari likiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia. Raba ile imeshikamana na chuma cha ndani na cha nje, inafanya kazi kwa kujinyonga. Ukiikaza tairi likiwa limening'inia, ukishusha gari raba inakuwa imenyongwa tayari kabla hujatoka getini, na kila tuta linainyonga zaidi. Bushi mpya inapasuka upesi, mteja anaambiwa ilikuwa feki. Fungeni boliti zishike tu, shusheni gari likanyage chini au inueni wishiboni kwa jeki mpaka kimo chake cha kawaida, kisha kazeni. Ni kazi ya dakika chache zaidi. Nimeona bushi halisi kabisa, za bei kubwa, zimeharibiwa hivi, na wenye magari wakalaumu duka.

Wateja wananiuliza kuhusu bushi za poliurethani, zile ngumu za rangi nyekundu au njano. Ni nzuri kwa usukani wa haraka, gari linajibu mara moja. Lakini zinataka grisi yake maalumu, na kwa vumbi letu zisipotunzwa zinalia, na kila kokoto ya njia ya Mahomanyika utaisikia kwenye kiti. Mimi ningezifunga kwenye stabilaiza tu, nondo nitakayoieleza hapa chini, pengine nikaacha raba.

Shokapu na springi ninazihesabu kama kitu kimoja. Springi inabeba, shokapu inatuliza springi. Ukifunga springi ngumu na shokapu iliyopimwa kwa springi laini, springi inashinda, gari linapiga piga. Ukifanya kinyume chake, shokapu inazuia tairi kurudi chini haraka baada ya shimo. Kwa hiyo nunua vilivyotengenezwa kuwa pamoja, vyote vinne kwa mpigo, au angalau viwili vya mbele au viwili vya nyuma, kamwe si kimoja. Kwa mtu anayetumia gari kila siku, shokapu mpya za daraja la kiwanda au ngumu kidogo tu kuliko za kiwanda, na springi zinazoshusha gari sentimita mbili, zinatosha kabisa. Langu limeshuka hivyo na sigusi matuta. Koilova, zile za kupandisha na kushusha kwa spana, ni kifaa kizuri mikononi mwa anayejua. Zile za bei rahisi zilizotumika, zimekwama kutu, ni hasara.

Stabilaiza ni siri ambayo ningependa vijana wote waijue. Ni ile nondo iliyopinda inayounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, na kazi yake ni kuzuia gari kulala. Ugumu wake unakua haraka sana na unene: ukitoka milimita 20 kwenda 22, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 46. Impreza nyingi zina tabia ya pua kukataa kuingia kwenye kona. Ukiinenepesha stabilaiza ya nyuma kidogo, pua inatii, bila kukata springi, bila kuharibu starehe ya barabara iliyonyooka. Ila kidogo. Ukizidisha, siku ya mvua mkia utakutangulia. Nimemfungia kijana wa Ilazo springi za kiwanda, shokapu mpya, linki mpya za stabilaiza na bushi za wishiboni. Stabilaiza nene nimemwambia asubiri mpaka abadilishe matairi.

Alaimenti inafanywa mwisho, baada ya yote hayo, si kabla. Na ukibadilisha kimo cha gari ni lazima upime upya. Omba karatasi ya vipimo, cha kabla na cha baada. Tairi kuliwa upande wa ndani ni gari linakwambia vipimo vyake vimepotea.

Breki sitaki kupita bila kuzitaja. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 230 au zaidi, yakishavuta maji kiwango chake cha chini kinachokubalika ni 155. Ukiteremka Mlima Nyang'oro kutoka Iringa kuja Mtera umekanyaga breki mfululizo kwa mafuta ya miaka mitano, pedali inaweza kuzama mpaka chini. Badilisha kila baada ya miaka miwili, na teremka na gia ndogo.

Njia hiyo ya Nyang'oro ndiyo inayonionyesha kama kazi imefanyika. Gari lenye miguu mizima unaligeuza usukani mara moja kwa kona moja, unaushika hapo, na gari linakwenda ulikoliambia. Lenye miguu mibovu unaliongoza, unalirekebisha, unalirekebisha tena, na mikono inachoka kabla ya kufika Mtera. Mwendo ni uleule. Kinachobadilika ni kwamba mbuzi akiingia barabarani ghafla una nafasi ya kumkwepa na kurudi kwenye njia yako bila gari kupoteza akili. Hiyo ndiyo faida ya kuboresha ninayoitetea, na ndiyo inayopotea tukipiga marufuku kila kitu kwa pamoja.

Ninachoomba kwa Polisi wa Usalama Barabarani, hasa wakati wa ukaguzi, ni kuinama. Rangi ya rimu haiui mtu. Waangalie springi kama zimekatwa: springi ya kiwanda mwisho wake una rangi, iliyokatwa ina mdomo mkali wa gurudumu la kukatia chuma. Waangalie spesa zilizopandana. Wasome zile tarakimu nne za tairi. Waangalie mafuta yaliyovuja kwenye shokapu. Wakimkuta kijana ana springi fupi nzuri, shokapu zinazolingana nazo, matairi mapya na karatasi ya alaimenti, wamwache aende; huyo ametumia pesa yake kwenye usalama wa wote. Kwa VETA ombi langu ni moja, vijana wa ufundi magari wapewe muda mrefu zaidi wa miguu ya gari na kupima pembe za matairi. Wanaokuja kwangu kujifunza kazi wanajua injini vizuri, ila wengi hawajawahi kuambiwa habari ya kukaza bushi gari likiwa chini. Na kwa ukurasa wenu wa magari, mhariri, ninaousoma siku zote: mkiandika habari ya gari la spoti lililotumika, pamoja na nguvu ya injini na bei yake, waelezeni wasomaji miguu yake ikoje na nini huwa kinachoka kwanza.

Msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita sijui anaendesha gari gani. Linaweza kuwa Noah ya familia, IST au Land Cruiser. Kwa uzoefu wangu, magari ya kina baba yanayofika gereji kwangu yana bushi zilizokufa na matairi ya kipara sawa na ya vijana, tena yamejaza watoto nyuma, na hakuna anayetaka yakamatwe kwa kuwa hayapigi kelele. Namkaribisha Kizota Jumamosi yoyote asubuhi. Aje na gari lake mwenyewe, tutalipandisha kwenye jeki, nitampa nondo na tochi aangalie yeye kwa macho yake. Hatalipa kitu.

Fundi wa miguu ya magari,
Kizota, Dodoma